Dira Ikae Wapi? Somo la Wanamaji wa Kaskazini mwa Ziwa Nyasa

Nyanda za Juu Kusini tumezizoea kwa mahindi, chai, viazi na malori yanayopanda mlima Kitonga kuelekea Tunduma. Ni rahisi kusahau kwamba nchi hii ya baridi ina bahari yake. Ukiteremka kutoka Tukuyu, mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, utafika Kyela, na huko kwenye joto, chini ya mita 500, utakuta ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa: maji yenye urefu wa kilomita zipatazo 560, upana unaofikia kilomita 75 na kina cha mita zipatazo 700. Mkoa wa Mbeya unaligusa ziwa huko Kyela, penye Itungi na Matema. Iringa nayo ilikuwa na ufuko wake, kwa maana Ludewa, yenye bandari ndogo za Lupingu na Manda, ilihesabiwa Iringa mpaka Njombe ilipofanywa mkoa mwaka 2012. Si ajabu basi kwamba meli iliyolihudumia ziwa hilo kwa miaka mingi iliitwa MV Iringa, na mojawapo ya meli mpya zilizoundwa Itungi inaitwa MV Mbeya II.

Katika maji hayo kuna swali moja ambalo kila mwenye chombo hulikuta, awe na mashua ya tanga, boti ya injini au meli: vifaa vya kuongozea vikae wapi? Dira, kipima kina, kipima upepo na kipima mwendo vyote vinataka nafasi karibu na usukani, na nafasi hiyo ni finyu. Wengi hulichukulia kuwa swali la fundi mwenye keekee: panapoonekana ubao mtupu, hapo hapo hutobolewa. Makala haya yanadai kwamba historia ya ziwa hili inatoa jibu lililo bora zaidi. Kifaa ni jicho la pili la mshika usukani. Kikiwekwa mahali ambapo jicho la kwanza hulazimika kuyaacha maji ili kukisoma, kimeondoa jicho moja na kuleta jingine, na chombo kimebaki na lile lile moja.

Tuanze na waliolijua ziwa kabla ya dira kufika. Wakisi wanaishi kwenye ukanda mwembamba kati ya maji na Milima ya Livingstone, kuanzia Ikombe karibu na Matema na kushuka kusini. Milima hiyo huinuka ghafla kutoka ufukoni hadi zaidi ya mita 2,000, na kwa muda mrefu mtumbwi ndio uliokuwa barabara. Wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu ambavyo sifa yake imeenea mbali, na vyungu hivyo vimekuwa vikipakiwa mitumbwini na kupelekwa kwenye soko la Matema. Huo ni ushahidi mzito kuliko unavyoonekana. Chungu hakisamehe kosa: wimbi moja la ubavuni, mwamba mmoja usioonekana, na kazi ya wiki nzima imekuwa vigae. Watu waliofanya biashara hiyo kizazi baada ya kizazi walikuwa na elimu ya kuongoza chombo, na vifaa vyao vyote vilikuwa nje ya chombo. Safu ya mlima iliwaambia walipo. Kilele cha mbele kikilingana na bonde la nyuma, mpiga kafi alijua yuko kwenye mstari wake. Vikiachana, alijua amesukumwa. Upepo aliupima shavuni. Kina alikisoma katika rangi ya maji.

Tazama jinsi vifaa hivyo vilivyopangwa. Vyote vilikuwa mbele ya uso au juu ya ngozi. Hakuna hata kimoja kilichomtaka mpiga kafi ainamishe kichwa. Na ziwa hili lina sababu ya kumkataza kuinama. Upepo wake mkuu ni mwera, unaotoka kusini-mashariki na kupata nguvu kati ya Mei na Agosti. Kwa kuwa ziwa limelala kutoka kusini kwenda kaskazini, mwera unaweza kuyasukuma mawimbi mamia ya kilomita bila kizuizi, nayo huja kuvunjikia Matema na Itungi yakiwa yamekomaa. Juu ya hayo, mabonde ya Milima ya Livingstone humwaga upepo wa ghafla majini. Pigo la namna hiyo huonekana kwanza kama weusi unaotambaa juu ya maji, kisha ndipo linafika. Kipima upepo kilicho juu ya mlingoti hutoa habari za upepo uliokwisha kufika. Jicho lililo majini hupata habari mapema, na katika chombo cha tanga muda huo mfupi ndio wa kulegeza demani kabla ya mashua kulala ubavu.

Hapa msomaji makini atapinga. Atasema kwamba huku ni kuwapamba wazee, kwa sababu mlima hauonekani usiku, wala hauonekani vizuri mwishoni mwa kiangazi moshi wa moto wa mashamba unapotanda juu ya ziwa. Pingamizi hilo ni la kweli, na historia inaliunga mkono. David Livingstone alipofuata ufuko wa magharibi kwa mashua mwaka 1861 alizijua hesabu za nyota na jua, lakini alirudi bila kuiona ncha ya kaskazini. Ilipofika mwaka 1875, E. D. Young alipolizunguka ziwa kwa stima Ilala, wageni ndipo walipojua kwamba maji yanaendelea mbali zaidi kuliko walivyodhani, na Young ndiye aliyeipa milima ya mashariki jina la Livingstone. Septemba 1895 dhoruba iliipindua mashua ya Askofu Chauncy Maples, naye akafa maji. Julai 1946 meli Vipya ilizama katika dhoruba, ikaua watu zaidi ya 100. Ziwa hili halimheshimu mwenye kutegemea macho pekee, wala mwenye meli kubwa. Basi hakuna anayeweza kusema kwamba vifaa havihitajiki. Tunachojifunza ni kwamba kifaa huja kuziba pengo la jicho, na kwa hiyo kinapaswa kukaa pale pengo lilipo.

Waswahili wa pwani walilielewa jambo hili mapema. Vasco da Gama alipofika Msumbiji mwaka 1498, watu wake waliandika kwamba vyombo vya Waislamu waliowakuta huko vilikuwa na dira, vipimo vya nyota na ramani. Katika jahazi, kazi ya kujua njia ilikuwa na mtu wake, aliyeitwa mwalimu, na jina hilo pekee linaonyesha heshima ya elimu hiyo. Dira ilikaa ndani ya sanduku la mbao huku nyuma, shetrini, mbele ya mshika usukani, na usiku taa ndogo iliwashwa kuimulika. Bildi, yaani risasi iliyofungwa kwenye kamba kwa ajili ya kupima kina, haikukaa hapo. Iliwekwa karibu na omo, kwa baharia aliyeitupa na kupaza sauti ya idadi ya pima. Mgawanyo huo una busara kubwa. Habari inayohitajika kila dakika ilipelekwa kwenye jicho la mshika usukani. Habari inayohitajika mara kwa mara ilipelekwa kwenye sikio lake, kwa mdomo wa mtu mwingine, ili macho yaendelee kutazama tanga na maji.

Elimu ya pwani ilipanda hadi ziwani katika karne ya 19. Wafanyabiashara wa Kiswahili chini ya Jumbe Salim bin Abdallah walijiimarisha Nkhotakota, ufuko wa magharibi, na majahazi yao yalivusha ziwa yakibeba pembe na, kwa aibu ya historia yetu, watumwa. Lakini ziwa liliidai elimu hiyo ibadilike. Nyota ya jaa, iliyowapa mabaharia wa Bahari ya Hindi kipimo chao kwa kibao chenye uzi wa mafundo, haionekani kabisa Matema, palipo karibu nyuzi 9.5 kusini mwa ikweta. Iko chini ya upeo wa macho usiku wote wa mwaka wote. Kifaa kilichotengenezwa kwa mbingu ya Hormuz hakina cha kupima juu ya Ikombe, hata kikishikwa na mkono hodari. Somo ni kwamba kifaa hakina thamani kikitengwa na mahali kinapotumika, na mahali hapo huanza na nchi yenyewe kabla hatujafika kwenye ubao wa chombo.

Badiliko kubwa zaidi lililetwa na chuma. Ilala ya mwaka 1875 ilikuja kwa vipande, ikabebwa na mamia ya wapagazi kupita maporomoko ya mto Shire. Stima ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilifuata njia hiyo ya Zambezi na Shire, ikateremshwa majini mwaka 1893, na makao yake yalikuwa Langenburg, kituo kilichojengwa chini ya Milima ya Livingstone karibu na Ikombe kabla ya utawala wa Kijerumani kuhamia Tukuyu. Vyombo hivi vilileta ziwani tatizo ambalo mtumbwi wa gogo haukuwahi kulijua: mwili wa chombo chenyewe huivuta dira. Ulimwengu ulikuwa umekwisha kulipa gharama ya somo hilo. Mwaka 1838 George Airy alifanya majaribio kwenye meli ya chuma Rainbow na kuonyesha kwamba sumaku na vipande vya chuma vikipangwa vizuri kandokando ya dira vinaweza kuufuta mvuto wa meli. Hata hivyo Januari 1854 meli ya chuma Tayleur, ikitoka Liverpool kwenda Australia, ilipotezwa na dira zake, ikagonga kisiwa cha Lambay karibu na Dublin, na watu zaidi ya 300 wakafa. Mwaka 1876 William Thomson alipata hataza ya kibanda cha dira chenye mipira miwili ya chuma ubavuni, nacho kikaenea katika meli za dunia. Tangu hapo mahali pa dira pamekuwa na sharti la pili: ionekane, na iwe mbali na chuma kisichofanyiwa hesabu.

Mtu wa Ludewa anaweza kuuliza swali zuri hapa. Juu ya ufuko wa wilaya hiyo uko mlima wa Liganga, wenye hazina kubwa ya chuma, na chuma chenyewe ni cha aina ya sumaku. Je, mlima mzima wa sumaku hauiharibu dira kuliko bisibisi iliyosahauliwa kando yake? Jibu linatokana na umbali. Nguvu ya kitu chenye sumaku hupungua upesi mno kadiri unavyokwenda mbali nacho. Umbali ukiongezeka mara mbili, mvuto hubaki kama sehemu moja ya nane. Mlima ulio makumi ya kilomita ndani ya nchi hauna la kuifanya dira iliyo katikati ya ziwa. Bisibisi iliyo umbali wa kiganja inaweza kuipeleka meli miambani. Adui wa dira huwa jirani yake: nanga iliyowekwa vibaya, kisu, kopo la chuma, spika ya redio, na siku hizi simu. Fundi anayetafuta mahali pa dira aanze kwa kutazama kila kitu kinachoweza kufika karibu nayo siku ya safari, kwa sababu ubao unaoonekana safi bandarini hujaa mizigo abiria wakiingia.

Na hata baada ya dira kurekebishwa, stima hazikuiacha elimu ya Wakisi. Wajerumani waliiita Liuli, bandari yao ya matengenezo kusini zaidi, Sphinxhaven, kwa sababu ya mwamba unaofanana na sanamu maarufu ya Misri. Wenyeji wanauita mwamba huo Pomonda. Jina la bandari lenyewe likawa alama ya kuongozea. Agosti 1914 stima ya Kiingereza Gwendolen, chini ya Edmund Rhoades, iliingia hapo na kuishambulia Hermann von Wissmann ikiwa nchi kavu kwa matengenezo, huku nahodha wake akiwa hajapata habari kwamba vita vimeanza. Rhoades hakuwa mgeni. Alikuwa mmoja wa waliolipima ziwa hilo na kuchora ramani yake mwanzoni mwa karne. Mtu mwenye ramani, dira na mvuke bado aliijua pwani kwa miamba yake. Vifaa vya ndani na alama za nje vilifanya kazi pamoja, na hilo linawezekana pale tu mshika usukani anapoweza kuhamisha jicho kutoka kwenye dira kwenda kwenye mwamba bila kugeuza shingo.

Sasa tuitumie historia hii kupanga vifaa. Chukua mashua ya tanga inayotoka Itungi kwenda Manda mwezi Juni. Inaelekea kusini, mwera unaijia mbele, na maji yanaruka juu ya omo. Kifaa kilichowekwa chini, upande wa mbele, kitakuwa kimelowa muda wote. Jua la adhuhuri mwezi huo liko kaskazini, nyuzi zipatazo 33 kutoka utosini, kwa hiyo liko nyuma ya nahodha. Kioo kinachomtazama nahodha kinatazama kaskazini, yaani kinalitazama jua, na badala ya kusoma namba atajiona mwenyewe. Mashua ikirudi kaskazini hali inageuka. Jibu si kuvishusha vifaa kwenye kivuli cha chini, kwa sababu hapo vitamlazimisha ainame katika saa mbaya kuliko zote. Vioo vilazwe kidogo, vifunikwe kwa ukingo wa juu, na vikae karibu na usawa wa macho, chini kidogo ya mstari ambao jicho linautumia kutazama upeo wa maji.

Vifaa vyenyewe pia havina haki sawa, na ziwa hili linaonyesha sababu vizuri kuliko maji mengi. Itungi na mlango wa mto Kiwira hujaa mchanga na tope linaloletwa na mito kutoka Rungwe, hata meli zimelazimika kuhamia bandari ya Kiwira. Hapo kipima kina ndicho mfalme, na dira haina la kusema. Ukifika chini ya Milima ya Livingstone mambo hugeuka: ardhi ya chini ya maji inashuka kwa ukali ule ule wa mlima ulio juu, bildi haipati sakafu hata karibu na ufuko, na kipima kina hakitoi onyo la maana. Hapo tazama maji na upepo. Katikati ya ziwa, moshi ukiwa umetanda, dira ndiyo inayobaki. Kwa hiyo kifaa cha kina kisomeke kutoka usukani na pia kiweze kusomwa na mtu wa pili atakayepaza sauti, kama baharia wa bildi alivyofanya. Dira ikae katikati, kwenye mstari wa mkuku, kwa sababu ndiyo inayosomwa kila wakati na ndiyo inayodhurika kwa kusogezwa.

Pingamizi la mwisho ndilo lenye nguvu zaidi leo. Setilaiti zinamwambia nahodha mahali alipo kwa usahihi ambao Rhoades asingeuamini, na ramani inakaa kwenye simu mfukoni. Kwa nini basi kuhangaika na mahali pa dira? Kuna majibu matatu, yote kutoka ziwa hili. Ramani ya simu haijui kwamba mvua za masika zimeuhamisha mchanga wa Kiwira tangu ilipochorwa. Chombo kikiwa kimesimama, setilaiti inajua mahali kilipo lakini haijui omo inaelekea wapi, dira inajua. Na usiku, wavuvi wa usipa wakiwa majini, kioo chenye mwanga mkali hulipofusha jicho ambalo lilihitaji karibu nusu saa kuzoea giza, na mtumbwi usio na taa hauonekani mpaka umekwisha kugongwa. Teknolojia mpya imeongeza uzito wa swali letu, kwa sababu kifaa kinachong'aa zaidi kinavuta macho zaidi.

Mpangilio mzuri peke yake hauokoi chombo. Vipya na mashua ya Maples havikuhitaji dira iliyohamishwa kidogo kushoto; dhoruba ina sheria zake, na uamuzi wa kutosafiri ni kifaa kikubwa kuliko vyote. Lakini kati ya siku ya utulivu na siku ya kubaki bandarini ziko siku nyingi za kawaida, na katika siku hizo chombo hupona kwa sababu mtu mmoja aliona kitu mapema. Mpiga kafi wa Ikombe, mwalimu wa jahazi na nahodha wa stima walikubaliana juu ya hilo bila kukutana.

Kwa hiyo ombi kwa maseremala wa Matema, mafundi wa Itungi na yeyote anayeunda chombo cha kwenda Lupingu au Manda ni hili. Kabla ya kushika keekee, mkalishe mshika usukani mahali pake. Mwambie atazame kusini, kule mwera unakotoka, na asiyaondoe macho majini. Shika kifaa mkononi, kisogeze polepole, na pale atakaposema ameweza kukisoma huku bado anayaona maji, weka alama. Hapo ndipo utoboe.